Magego ya Chiriku

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na desturi ya kuzungumza na wazazi akiwa amesimama langoni, funguo za darasa mkononi, ili maneno yasirefuke. Jumatatu hiyo alimshika Bibi kiwiko kabla hajapata nafasi ya kuondoka na mjukuu wake.

"Bibi, huyu mtoto nyumbani mnamwita Chiriku. Kwa nini?"

"Kwa sababu hanyamazi, mwalimu. Tangu alipojua kusema 'maji' hajanyamaza hata akiwa usingizini."

"Basi hapa shuleni wiki ya tatu hii hatujamsikia."

Bibi alimtazama mjukuu wake. Alikuwa amesimama hatua tatu mbali nao, mkoba mgongoni, akichora mchanga kwa ncha ya kiatu, kama vile anayesemwa ni mtoto wa nyumba nyingine. Alikuwa na miaka sita na miezi minne.

Mwalimu alieleza haraka. Wiki tatu nyuma ilikuwa zamu ya Chiriku kusoma mbele ya wenzake. Ubaoni paliandikwa: Sisi sote tunasafisha sahani. Watoto ishirini walikwisha kuisoma bila taabu. Lakini meno manne ya mbele ya Chiriku, ya juu, yalioza na kukatika hadi kwenye ufizi kabla hajatimiza miaka mitano, na ulimi wake haukuwa na pa kugota. Akasoma: "Thithi thote tunathahitha thahani." Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu, akidhani ni haraka tu, akamwambia arudie. Akarudia, na safari hii hata waliokuwa wamelala mezani wakaamka kucheka, na mmoja akaita, "Kibogoyo!" Mara ya tatu alifunga kinywa, na hakikufunguka tena.

"Sikumwambia arudie kwa ubaya," mwalimu alisema. "Lakini mtoto asiyesoma kwa sauti nitampa alama gani? Muhula ukiisha hivi, itabidi arudi chekechea. Halafu kuna jingine, uniwie radhi Bibi, kinywa kinanuka. Mwenzake wa dawati ameomba kuhamishwa. Mfikishie mama yake."

"Meno ya utotoni hayo, mwalimu. Yataota mengine."

"Nina watoto hamsini na mmoja mle ndani. Wenye mapengo ni wengi, umri wenyewe ndio huu. Lakini ukiwaangalia wenzake, penye pengo pana jino linachungulia. La huyu halina kitu. Ufizi mtupu, kama wa mtoto mchanga." Mwalimu alizungusha funguo kidoleni. "Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sijui nyumbani mmemlea vipi, lakini ndiyo hivyo."

Alisema tu kama watu wanavyosema methali, bila kumlenga mtu. Bibi aliitikia kwa kichwa, akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka.

Jioni ile alifikisha nusu ya ujumbe. Alimwambia mkaza mwana wake kwamba mwalimu analalamika mtoto hasomi kwa sauti. Kicheko, harufu, methali na chekechea alibaki navyo mwenyewe.

* * *

Asubuhi ya pili yake Chiriku aliamka shavu la kulia limevimba hadi jicho limekuwa mstari. Hakulia. Alikaa kitandani ameshika shavu kwa viganja viwili, kama mtu aliyebeba bakuli lenye mchuzi wa moto.

Mama yake alikuwa amekwisha kuvaa koti lake la kazi, la buluu, lenye mfuko wa kalamu kifuani. Koti hilo lilikuwa na wiki mbili tu. Kwa miaka saba alishona kola katika kiwanda cha mashati. Sasa alikuwa amefanywa msimamizi wa mstari mzima, wanawake thelathini na wawili na vyerehani vyao. Alitoka uani na simu, na Bibi akamsikia kupitia dirishani.

"Ndiyo, mkuu. Najua ni wiki yangu ya pili... Hapana, si uzembe, mtoto amevimba... Ndiyo, nitafidia Jumamosi. Ndiyo. Nashukuru sana. Nashukuru."

Alishukuru mara mbili zaidi kabla ya kukata simu. Aliporudi ndani alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango taratibu.

Kliniki ya meno ilikuwa mwisho wa ukumbi wa hospitali, chumba chenye kiti kimoja na taa moja. Daktari alikuwa binti mwenye umri wa kuwa mjukuu mkubwa wa Bibi, lakini alikuwa na sauti ya mtu asiyeombwa kurudia. Alimlaza Chiriku, akaingiza kioo kidogo kinywani, akawa anataja namba na muuguzi anaandika. Namba zilikuwa nyingi. Muuguzi aliigeuza karatasi akaendelea upande wa pili.

"Alikuwa akilala na chupa?" daktari aliuliza bila kugeuka.

"Hapana," mama akajibu. "Nilimwachisha chupa alipotimiza miaka miwili."

"Miwili?"

"Miwili, daktari. Nakumbuka vizuri."

Daktari alitoa kioo, akamtazama. "Mama, kuna namna meno yanavyooza kwa peremende, na kuna namna yanavyooza kwa chupa. Kwa chupa yanaanza ya mbele juu, kisha magego, na ya chini mbele yanapona kwa sababu ulimi unayafunika. Mwanao ya chini mbele ni mazima kabisa. Mtoto huyu amelala na kitu kitamu kinywani kwa muda mrefu. Meno hayadanganyi."

Muuguzi aliinua macho, akamtazama mama kuanzia kichwani hadi viatuni, akarudi kuandika. Uso ulimwiva mama, akaanza kunyoosha mikunjo ya gauni la mtoto ambayo haikuwepo.

Ukutani palikuwa na picha ya familia inayocheka, watu watano, meno yote kamili. Bibi aliikodolea picha ile kana kwamba ameambiwa ataulizwa maswali juu yake.

"Sasa sikilizeni," daktari akaendelea. "Leo nampa dawa ya uvimbe. Jumanne ijayo tunang'oa magego manne, mawili juu, mawili chini. Hayafai hata kuzibwa."

"Si ya utotoni hayo?" Bibi aliuliza. "Si yangeanguka tu?"

"Yangeanguka, Bibi, lakini akiwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Leo ana sita. Magego ya utotoni yanawekea nafasi yale yanayokuja. Ni kama watoto kwenye benchi: mmoja akiondoka mapema, wenzake wanajisogeza. Mwenye nafasi akija, hana pa kukaa, anaotea juu ya wenzake au anabaki ndani. Tayari nyuma kuna gego la kudumu linatoka, na likikuta uwazi litateleza mbele. Kwa hiyo fizi zikipona tutamvisha waya wa kushikilia nafasi."

"Na haya ya mbele? Mbona hayaoti?"

"Ya utotoni yalitoka mapema mno, ufizi ukaziba na kuwa mgumu. Ya kudumu yatachelewa. Yakizidi kuchelewa nitaupasua kidogo."

Mama aliuliza gharama ya waya, akaambiwa. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubali kwamba mvua inanyesha.

Njiani kurudi hakumuuliza mama mkwe wake swali lolote. Bibi alilishukuru jambo hilo, akaliogopa pia.

* * *

Baba yake Chiriku alikuwa fundi wa majokofu. Mikono yake ilikuwa na harufu ya gesi na mafuta ya mashine ambayo sabuni haikuiweza. Alikula kimya, akasikiliza habari za daktari hadi mwisho, kisha akasukuma sahani.

"Magego manne! Kwa mtoto wa miaka sita! Mimi sijapata kusikia. Meno ya utotoni yanaanguka yenyewe, sisi tuliyatupa juu ya paa tukasahau. Sasa tumefikia kuvishana waya? Jino la pembe si dawa ya pengo."

"Daktari amesema si jino. Ni la kulinda nafasi tu."

"Na hayo ya chupa?"

"Amesema amelala na chupa."

"Ulimpa?"

Mkewe alikuwa anakusanya sahani. "Mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa moja jioni. Ningempa saa ngapi?"

"Ndiyo maana! Hujui mtoto anakula nini, analala vipi, anapiga mswaki au hapigi. Thelathini na wawili wa kiwandani unawasimamia, mmoja wako hujui ana meno mangapi. Hata mama wa kambo hufungua kinywa cha mtoto akatazama."

Sahani ziligongana, kisha zikanyamaza.

Bibi alikuwa ng'ambo ya pazia, amekaa kwenye godoro analolala na mjukuu wake. Chiriku alikuwa ameegemea paja lake, shavu lenye joto, na wote wawili walikuwa wanasikia. Bibi aliona kuwa huo ndio wakati wa kusema. Ilikuwa ni kuinuka, kusogeza pazia na kusema maneno matatu. Hakuinuka.

Alikuwa amekuja kukaa hapa mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu. Kabla ya hapo alikuwa kwa binti yake mkubwa, alikolala ukumbini kwenye kochi na kusubiri kila mtu amalize kutazama runinga ndipo apate kujinyoosha. Hapa alipewa chumba, ingawa ni cha pazia, na kazi, na mtoto. Mtoto alikuwa wa kulia. Alilia mchana tangu saa sita, akalia mpaka sauti ikakwaruza na jirani akagonga ukuta. Siku moja Bibi alitia vijiko viwili vya sukari kwenye chupa ya maziwa, akamlaza nayo, na nyumba ikatulia. Naye akalala, usingizi wake wa kwanza wa mchana baada ya majuma mawili.

Mtoto alipotimiza miaka miwili mkaza mwana alisema chupa sasa basi, na Bibi akasema sawa, mwanangu. Akaiweka kwenye sanduku lake la nguo. Mchana ikatoka, jioni ikarudi. Maziwa yakikosekana, alitia chai ya rangi na sukari. Meno ya mbele yalipoanza kuwa meusi alijiambia ni ya utotoni, na alipokuja kuitupa ile chupa, mtoto akikaribia mitano, hapakuwa na meno ya mbele ya kuokoa.

Ng'ambo ya pazia mwanawe alikuwa anasema, "Kazi hiyo tutaifikiria upya."

* * *

Jumanne ya kung'oa, mama hakupata ruhusa ya pili. Baba alifunga karakana, akaenda na Bibi na mtoto.

Alikuwa mtu wa kushika vitu vizito bila kusumbuka, na alikaa kando ya kiti cha daktari kwa kujiamini, mkono wa bintiye ndani ya wake. Bibi aliambiwa ashike miguu. Daktari alipiga sindano ya ganzi mara nne. Kila mara machozi yalimtoka Chiriku yakatiririka hadi masikioni, lakini sauti haikutoka. Alifungua kinywa alipoambiwa afungue, akafunga alipoambiwa afunge, na hakuzidisha hata kidogo.

"Mtoto mzuri," daktari akasema. "Ninao watu wazima wananing'ata."

Gego la kwanza lilipotoka lilitua ndani ya bakuli la chuma kwa mlio mdogo. La pili lilikatika, likatolewa vipande. Baba alikuwa anatazama. Lilikuwa na tundu katikati ambalo ncha ya kalamu ingeingia, na mzizi wake ulikuwa na usaha.

"Lia, mwanangu," akamwambia. "Ruksa. Lia tu."

Chiriku alimtazama kwa macho yaliyojaa maji, akatikisa kichwa kidogo.

Baba aliuachia ule mkono, akatoka nje. Bibi alibaki na miguu.

Baadaye, Chiriku akiwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, pamba imejaa mashavuni, baba yake alikuja kukaa karibu na Bibi. Alikuwa amenawa uso na kola ya shati ilikuwa imelowa.

"Mtoto hataki hata kulia, mama. Anaogopa kufungua kinywa. Wamemfanya nini huko shuleni?"

Ndipo Bibi alipomweleza yaliyobaki ya mwalimu: kicheko, jina la Kibogoyo ambalo darasa zima lilikuwa linamwita sasa, mwenzake wa dawati, chekechea. Methali hakuitaja. Mwanawe alisikiliza ameinamia magoti.

"Nimekata shauri," alisema. "Mama yake aache kazi. Tutabana, tutaishi. Mwezi huu aandike barua." Kisha akaweka mkono juu ya mkono wa mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku walipomzika babake. "Kama si wewe, mama, sijui mtoto huyu angekuwaje. Miaka yote hii wewe ndiye umeziba pengo la mama yake."

Bibi aliutazama mkono ule, wenye makovu ya kuungua na kucha nyeusi, mpaka mwanawe alipouondoa.

* * *

Jumapili alasiri mkaza mwana alilipiga pasi lile koti la buluu, akalikunja mikono ndani, akaliweka juu ya meza pembeni ya karatasi. Kiwandani walitaka lirudi safi. Mumewe alikaa mbele yake akimtajia maneno.

"Andika: kwa sababu za kifamilia."

"Wataniuliza zipi."

"Huhitaji kuwaambia. Andika tu."

Akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa mtu aliyependa shule. Kwenye mkeka Bibi alikuwa anachambua mchele, na Chiriku amelala kifudifudi kando yake akichora nyumba kwenye daftari. Fizi zilikuwa zimeanza kufunga. Alikula uji tu, kwa kijiko kidogo, akigeuka ukutani.

"Kuanzia tarehe gani?" mkaza mwana aliuliza.

"Usiandike," Bibi akasema.

Mwanawe alitabasamu kidogo. "Mama, haya tuachie sisi."

"Si yenu. Chupa nilimpa mimi."

"Chupa gani?"

"Ya kulalia. Maziwa na sukari. Maziwa yakiisha, chai. Kila mchana, na jioni mkichelewa. Mama yake alinikataza mtoto akiwa na miaka miwili. Niliendelea mpaka anakaribia mitano." Alikuwa bado ameshika ungo, na mikono ikiendelea yenyewe kutenga punje na vijiwe. "Mwambie mtoto atoke kwanza."

"Asitoke," mwanawe alisema. "Kwa nini, mama?"

Kwa siku tano Bibi alikuwa akiitafuta sababu itakayotosha. Aliifikiria ya upendo, ya ujinga, ya jirani aliyekuwa akigonga ukuta. Sasa alipoulizwa alikuta zimebaki mbili ndogo.

"Alikuwa akilia. Nami nilikuwa nimechoka."

Jirani alikuwa na redio, na mtangazaji alikuwa anasoma matokeo ya mpira. Mwanawe alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Nilimwita mke wangu mama wa kambo, na wewe uko hapo nyuma ya pazia. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Mbele ya daktari, anaitwa mwongo. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Hospitalini, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu..." Hakumaliza. "Nitampigia dada. Mwisho wa mwezi utakwenda kwake."

Hilo Bibi alikwisha kulitazamia. Katika mawazo yake hata kochi alikuwa ameliona, na mto wake wenye doa. "Sawa, mwanangu," alisema.

"Nilijua," mkaza mwana akasema.

Alikuwa anafunika kalamu. Wote wawili walimgeukia.

"Chupa niliiona kwenye sanduku lako, mama, siku nilipotafuta shuka la ziada. Ilikuwa na sisimizi mdomoni. Mtoto alikuwa na miaka mitatu."

"Miaka mitatu!" mumewe alisema. "Na hukusema?"

"Ningesema, wewe ungegomba na yeye angeondoka. Angeondoka, nani angebaki na mtoto? Nililipima kama kitambaa kifupi: ukivuta mkononi, mgongoni kunapungua. Nikairudisha palepale, nikaifunika na nguo." Alizungumza polepole, macho kwenye karatasi. "Nikajiambia, ni meno tu, na ni ya utotoni. Daktari aliponiambia meno hayadanganyi, hakukosea mtu. Kwa hiyo usimpeleke mama yako kwa dada yako kwa kosa ambalo na mimi nimo ndani."

"Na mimi je? Mimi nilikuwa wapi?"

Aliuliza kwa hasira, kama mtu aliyefichwa jambo, lakini swali lilipokwisha kutoka lilibaki limesimama katikati ya chumba.

"Ulikuwepo," mkewe akamjibu. "Yalipoanza kuwa meusi nilikuonyesha. Ukasema yataanguka tu."

Baba yake Chiriku alikaa. Chiriku alikuwa ameacha kuchora. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona hakuna anayemtazama, akarudi kwenye nyumba yake akaitia mlango.

Barua haikupelekwa. Haikuchanwa pia. Mkaza mwana aliikunja mara mbili, akaiweka kabatini chini ya vyeti vyake vya shule, kisha akalitundika tena koti nyuma ya mlango.

* * *

Hakuna aliyeomba msamaha kwa magoti na hakuna aliyesamehewa kwa sauti. Kopo la sukari lilihamia chumba cha mwanawe na mkewe. Asubuhi mkaza mwana alitia kijiko kimoja kwenye kikombe cha Bibi, akakoroga, akamkabidhi, kisha akarudi na kopo ndani. Mara ya kwanza Bibi alihisi masikio yanawaka. Baada ya wiki alizoea, au alijifunza kutazama pengine wakati kijiko kinaingia.

Mwanawe alimwamkia kila siku na hakuzidisha. Kwa dada yake hakupiga simu. Siku moja alikwenda shuleni mwenyewe, na nguo zake za kazi, akazungumza na mwalimu pale langoni kwa muda mrefu kuliko funguo zilivyopenda. Ikakubaliwa kwamba Chiriku atasoma kwa mwalimu peke yake, wakati wa mapumziko, mpaka meno ya mbele yaote. Siku ya kwanza alisoma kwa mnong'ono mstari mmoja. Siku ya nne alisoma ukurasa. Watoto waliendelea kumwita Kibogoyo, ila mmoja wao, aliyepoteza meno mawili kwa wiki moja, sasa alikuwa anaitwa hivyohivyo na ikabidi wagawane jina.

Siku ya waya Chiriku alikwenda na Bibi. Mama alikuwa kazini. Alimpa Bibi kadi ya kliniki na pesa ndani ya bahasha, akasema, "Maelezo yote utayasikia wewe, mama. Usikilize vizuri, kisha unieleze," na Bibi hakujua kama huo ni ukali au ni kuaminiwa. Pengine ni vyote viwili.

Kuvisha waya hakukuchukua hata nusu saa. Tabu ilikuwa baadaye, ukumbini, palipokuwa na karo la kunawia, na wazazi kama kumi na watoto wao. Muuguzi, yuleyule wa siku ile, alileta mswaki mdogo.

"Nani anampiga mswaki nyumbani?"

"Hujipiga mwenyewe," Bibi akasema.

"Mtoto wa miaka sita hawezi kufika nyuma, tena na waya. Lazima mtu mzima amsaidie, asubuhi na kabla ya kulala. Atakuwa nani?"

"Mimi."

"Basi njoo tuone."

Bibi aliinuka mbele ya watu. Muuguzi alimsimamisha nyuma ya mtoto, akamlaza Chiriku kichwa kifuani kwa Bibi, akamtia Bibi mswaki mkononi. Bibi alianza kusugua. Mama mmoja kijana alimnong'oneza mwenzake kitu, na wote wawili wakacheka wakitazama mdomo wa Bibi, ambao nao ulikuwa umebakiwa na meno saba.

"Sivyo," muuguzi alisema. "Unasugua kama sufuria iliyoungua. Vidogovidogo, kwa kuzungusha. Anza tena."

Bibi akaanza tena. Povu lilimshukia Chiriku kidevuni likaingia kwenye kola, naye akalifuta kwa mkono wake bila kusogeza kichwa.

"Sasa huku mwisho, nyuma ya waya," muuguzi akasema, akiinamisha taa ya mkononi. "Unaliona hili? Jeupe, limetoka nusu? Hili ndilo gego la kudumu. Hili si la utotoni, Bibi. Likiharibika, hakuna jingine nyuma yake."

Bibi alitoa miwani mfukoni, akaivaa. Aliinama mpaka pumzi yake ikagusa paji la uso la mtoto. Ndani kabisa, ambako hakuwahi kutazama, palikuwa na jino dogo lenye vilima vinne, safi, ufizi bado umelifunika upande mmoja kama shuka.

"Nimeliona," alisema.

"Umefika?" Chiriku aliuliza, kinywa wazi, maneno yakitoka na povu. "Bado, Bibi. Nyuma zaidi. Hapo. Hapohapo."

Bibi akashikilia kidevu cha mjukuu wake kwa mkono wa kushoto, akaingiza mswaki hadi nyuma, akaanza kuzungusha, polepole, huku muuguzi akihesabu.